Tangi la mawese, laptopu kuukuu na ugomvi wa EDDL na FDT huku mwisho wa reli

Simu ikilia saa tisa usiku huulizi ni nani, unajua tu ni kiwandani. Siku hiyo alikuwa dogo wa zamu, anahema kama katoka kukimbizwa, "kaka, tangi namba tatu linasoma asilimia 94, pampu imejizima yenyewe, ila mi nimepanda juu nimemulika na tochi, mafuta yapo nusu." Nikamwambia usiguse kitu, nakuja. Pikipiki ikagoma mara mbili, ya tatu ikawaka, nikatoka Mwanga kushuka upande wa Ujiji gizani huku nawaza leo ni kipimo gani tena.

Kiwanda chetu hapa Kigoma ni kidogo, msije mkafikiria ile mitambo ya kwenye kalenda. Tunapokea mawese ghafi kutoka vijijini, tunayachemsha, tunayasafisha, mengine yanaenda kupikiwa sabuni. Boila moja, matangi saba, na vipimo kama arobaini hivi vya presha, joto, mtiririko na ujazo, vyote vinapeleka miliampea 4 hadi 20 kontro rumu na vingi vinaongea lugha ya vifaa inayoitwa HART juu ya waya huohuo. Mimi ndo fundi wa instrumenti, yaani fundi mkuu na msaidizi wa fundi mkuu ni mtu mmoja, na hela ya nauli ya mtaalamu kutoka Dar nikiiomba naangaliwa kama nimeomba mahari.

Kwa asiyeijua HART nimueleze kidogo, maana bila hapo mengine hayataeleweka. Rosemount wa Marekani waliitengeneza miaka ya 1980, na ujanja wake ni mzuri kweli, juu ya ule mkondo wa kawaida wa miliampea wanapandisha mlio mdogo wa aina mbili, hezi 1200 maana yake moja, hezi 2200 maana yake sifuri, na kwa kuwa mlio unapanda na kushuka sawasawa wastani wa mkondo haubadiliki. Kwa hiyo waya mmoja unabeba kipimo na unabeba maongezi pia. Ni polepole, biti 1200 kwa sekunde, ukifungua menyu unaweza kumaliza kikombe cha kahawa, ila inafanya kazi na imejaa kila mahali.

Sasa rada ya tangi namba tatu ilikuwa ni HART, na ilikuwa imebadilishwa mwaka mmoja nyuma baada ya ile ya kwanza kuungua na radi. Nikachomeka komunikeita yetu ya mkononi, ile ya kuongea na vipimo. Ikasema inakiona kifaa ila haikijui vizuri, ikafungua menyu ya jumla tu, jina, ujazo, mwanzo na mwisho wa kipimo, basi. Kumbe rada mpya ilikuwa na rivisheni mpya, yaani toleo jipya, na faili la maelezo lililokuwa ndani ya komunikeita ni la rivisheni ya zamani. Ujazo 94, hapo inaniambia kitu ambacho dogo ameshaniambia kwenye simu.

Nilichotaka mimi ni mchoro wa mwangwi. Rada inapiga wimbi chini, wimbi linarudi, na kila kitu kinachorudisha wimbi kinaonekana kama kilima kwenye mchoro, kilima cha mafuta, kilima cha ngazi, kilima cha koili ya mvuke. Nikiona vilima najua ipi ni mafuta na ipi ni uongo. Bila mchoro nakisia tu.

Nikachukua laptopu mpya ya ofisini, ile dada wa manunuzi aliyoileta kwa mbwembwe. Nina flashi yenye DTM ya ile rada, yaani programu ya mtengenezaji ya kuifungulia, nikabofya kufunga, ikadai neno la siri la msimamizi, na mwenye neno la siri ni kijana wa kompyuta yupo Dar amelala usingizi wake mtamu. Nikampigia mara nne. Hapo ndo nikakumbuka stoo kuna laptopu kuukuu ya Windows 7, aliiacha mkandarasi aliyekuja kufunga rada, betri imekufa kabisa, ukichomoa waya inazima hapo hapo. Nikaivuta mpaka juu ya tangi na ekstensheni ya mita 50.

Na hata hapo sikuunganika! Nusu saa nzima nahangaika na modemu, nabadilisha poti, nalaani softiweya, nalaani Wajerumani na Wamarekani kwa pamoja, kumbe nimechomeka modemu moja kwa moja kwenye pawasaplai na lupu, yaani mzunguko wa ule waya, haina resista. HART inataka kama omu 250 kwenye lupu, bila hivyo ule mlio unamezwa na pawasaplai na modemu inabaki inasikiliza ukimya. Nikafunga resista, ikaongea mara moja. Nasema hili kwa sababu nimesoma watu wengi wanalaumu EDDL au FDT, zile njia mbili za kuieleza kompyuta kifaa kina nini ndani, kwa kosa ambalo ni la kijiresista cha bei ya chapati.

Mchoro ukafunguka. Kilima kikubwa karibu kabisa na antena, na kilima cha mafuta kule chini kimejikunyata. Antena ilikuwa imegandiwa na mafuta, mawese usiku yakipoa yanaganda unavyoyajua, rada inaona gamba lake yenyewe inasema tangi limejaa. Tukafungua, tukafuta na kitambaa cha mvuke, tukarudisha, ikasoma 51. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakunywa chai ya rangi na dogo ananiuliza, "kwa hiyo kaka, ile komunikeita ya bei mbaya haina kazi?"

Swali lake ndo lilinikaa kichwani. Komunikeita haikuwa na kosa. Laptopu mpya haikuwa na kosa. Kilichotuangusha ni kwamba maarifa ya ile rada yalikuwa yamefungwa kwenye mifuko miwili ya aina tofauti, mfuko mmoja ulikuwa umepitwa na wakati na mwingine ulikuwa umefungwa na kufuli la mtu aliyelala Dar.

Haikupita miezi miwili mzee mwenye kiwanda akaniita. Anataka kuongeza mtambo wa kusafishia, vifaa vipya kama sabini, amepokea kotesheni tatu na kila moja inasema mwenzie anauza kitu cha zamani. Ya kwanza inasifia EDDL, ya pili FDT, ya tatu inasema hao wote wameshapitwa, chukua FDI. Akazisukuma mezani, "mwanangu, nisomee hizi, na usiniambie kwa Kizungu."

Mzee wetu kabla ya biashara alikuwa karani wa mizigo relini, kwa hiyo nilianza vibaya, nikamwambia ni kama geji za reli. Akachangamka. Anazijua geji kuliko mimi, akanihesabia kwa vidole, reli yetu ya kati hii inayoishia hapa Kigoma ni milimita 1000, Tazara 1067, hii mpya ya umeme 1435, na akanikumbusha Kidatu ambako reli ya kati na Tazara zinakutana na mzigo lazima ushushwe behewa moja upandishwe lingine. "Kwa hiyo hawa wanagombania upana wa reli?" Ikabidi nirudi nyuma, nikasema hapana mzee nimekosea mfano, reli ni HART na ni ileile kwa wote watatu, waya uleule, mlio uleule. Wanachogombania ni namna ya kumweleza mtu wa kituoni kuna nini ndani ya behewa.

Nikajaribu jikoni. Tuseme mtu wa Dar anataka kula migebuka ya mawese kama ya kwetu. Njia ya kwanza unamwandikia karatasi, weka mafuta kiasi hiki, kitunguu hiki, chemsha mpaka hapa. Yeye anapika kwa jiko lake, la mkaa, la gesi, shauri yake. Hiyo ndo EDDL. Mtengenezaji wa kifaa anaandika faili la maandishi, linasema kifaa kina thamani zipi, zikae menyu gani, ukitaka kukalibreti fuata hatua hizi kwa mpangilio huu, na programu yoyote inayoijua lugha hiyo inasoma na kuchora yenyewe. Faili halijali kama ni Windows au ni komunikeita ya mkononi isiyo na Windows. Njia ya pili humtumii karatasi, unamtumia mpishi. Hiyo ni FDT. Mpishi anaitwa DTM, ni programu kamili imeandikwa na mwenye kifaa, inakuja na ufundi wake wote, michoro, rangi, siri za nyumbani, na inafanya kazi ndani ya jiko linaloitwa freimu, kama PACTware au FieldCare. FDT yenyewe haijali mpishi anapikaje, inapanga tu mlango aingilie wapi na vyombo akabidhiwe vipi.

Mzee akasema mpishi bora. Mtu yeyote angesema hivyo. Nikamwambia ngoja, huyu mpishi ana masharti, anataka jiko la aina fulani tu.

Hapa nitulie kidogo maana ndo kiini cha hesabu yangu yote. FDT ya mwanzo, ile ya 1.2 ambayo imejaa viwandani, ilijengwa juu ya teknolojia ya Microsoft inayoitwa COM. Iliyofuata mwaka 2012, FDT2, ikahamia .NET, bado ya Microsoft. Kwa hiyo DTM umri wake umefungwa mkia na umri wa Windows. Sasa piga hesabu. Windows XP ilitoka 2001, Microsoft wakaacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilitoka 2009, ikaachwa 14 Januari 2020. Windows 10 ilitoka 2015, ikaachwa 14 Oktoba 2025. Transimita ya presha, yaani kipimo kinachotuma usomaji wake kwa waya, ikifungwa vizuri inakaa miaka kumi na tano, ishirini, mimi ninayo moja kwenye boila nimeikuta na nitaiacha. Yaani kifaa kimoja kinazika Windows mbili mpaka tatu, na kila msiba mmoja mpishi wako anahitaji kufundishwa upya, na anayemfundisha ni mtengenezaji, akiamua kifaa hicho hakiuzi tena hafundishi. Unabaki na laptopu kuukuu isiyo na betri stoo, unaitunza kama hirizi.

Na usiseme laptopu itatunzwa. Kigoma hii miaka na miaka tuliishi kwa majenereta ya dizeli, umeme ukiruka unaruka kweli, laptopu isiyo na betri ikizima katikati ya kuandika diski unaweza kuamka asubuhi huna Windows wala DTM.

Lakini nisiwe muongo, upande wa karatasi nao una dhambi zake. EDDL ilianzia kwenye lugha ya maelezo ya vifaa vya HART, na mwanzoni ilikuwa kavu, menyu juu ya menyu, namba na maandishi, mchoro wa mwangwi sahau. Ndo maana watu wa rada na watu wa valvu walikimbilia DTM na siwalaumu hata kidogo, valvu bila mchoro wa saini yake, yaani nguvu inavyobadilika huku inafunguka, ni kama daktari kukusikiliza moyo kwa simu. Baadaye kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, namba 61804-3 cha mwaka 2006 kikaingiza grafu, chati na uwezo wa kuhifadhi data, pengo likapungua sana. Tatizo la pili, kila jiko lilisoma karatasi kivyake, faili lile lile kwenye programu ya kampuni hii linatoka zuri, kwa nyingine menyu zimekatika katikati. Na la tatu ni lile lililoniumiza usiku ule, rivisheni. Kifaa kipya, faili la zamani, komunikeita inabaki inasema habari za asubuhi tu.

Hapohapo niseme kwamba hata ukiwa huna faili kabisa HART haikuachi uchi. Kuna amri za jumla ambazo kila kifaa cha HART lazima kiitikie, amri namba 0 inauliza wewe nani, namba 1 inasoma kipimo kikuu, namba 3 inaleta mkondo na vipimo vinne kwa pamoja. Kwa transimita ya presha ya kawaida hizo karibu zinatosha maisha yako yote. Kwa rada hazitoshi. Nimeona mafundi wanatumia mamilioni kwenye softiweya ya kufungua transimita ambazo kazi yake ni kubadilishwa mwanzo na mwisho wa kipimo mara moja kwa miaka mitano.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mkali, mimi nilikuwa bado sijaingia kazini ila mzee aliyenifundisha alikuwa anausimulia kama Simba na Yanga. Emerson na Siemens walisimama zaidi na EDDL, ABB na Endress+Hauser walisukuma FDT, na wewe mwenye kiwanda ukinunua mtambo wa huyu na rada ya yule unajikuta unahitaji vyote viwili. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru hapa ni mkandarasi anayekuuzia leseni mbili. Mwaka 2007 wakatangaza wanakaa meza moja, 2011 wakaunda kampuni ya pamoja ya mashirika matano, ya HART, ya Fieldbus Foundation, ya PROFIBUS, FDT Group na OPC Foundation, na 2015 matokeo yake FDI yakawa kiwango cha kimataifa, IEC 62769. FDT nayo ilishapata cha kwake, IEC 62453, mwaka 2009. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "sisi tuna IEC" mwambie asante, wote wanayo.

FDI kwa lugha ya jikoni ni kifurushi kimoja, ndani kuna karatasi ya mapishi ambayo ni lazima iwepo, na imeandikwa kwa EDDL iliyonyooshwa ili majiko yote yaisome sawa, halafu kama chakula ni kigumu anaambatanishwa mpishi mdogo wa shughuli hiyo tu, kwa mfano kuchora mwangwi. Na ndani ya kifurushi hichohicho wanaweka vitabu vya maelekezo na vyeti. Kifurushi kina sahihi ya kidijitali kwa hiyo mtu hawezi kukichezea njiani. Kilichonivutia mimi ni kwamba mpishi mdogo akizeeka na Windows yake, karatasi inabaki. Kifaa bado unakifungua, unakosa mapambo tu.

Hiyo ndo hoja yangu moja na nimeigeuza kila upande sijaona ikipasuka, ukinunua kifaa cha miaka ishirini nunua na maarifa yake katika umbo litakaloishi miaka ishirini, na maandishi yanaishi kuliko programu.

Sasa ugumu ni hela. Kotesheni ya FDT ilikuwa ya chini kuliko zote na sababu ni halali kabisa. PACTware ni bure, DTM nyingi watengenezaji wanazigawa bure kwenye tovuti zao, kwa kiwanda cha vifaa mia na kitu unaweza kuanza leo bila kulipa leseni hata senti. Wakati programu nyingi za kusoma EDD, yaani lile faili la EDDL, na FDI zinauzwa kwa idadi ya vifaa, ukiongeza vifaa unaongeza leseni. Mzee aliangalia namba ya chini akaniangalia mimi. Ningekuwa na kiwanda cha vifaa kumi na tano ningemwambia chukua ya bure tukalale. Na haki yao niseme, FDT hawajalala, mwaka 2020 walitoa FDT 3 inayotumia teknolojia za wavuti na kuachana na kufungwa Windows pekee. Ila nilipomuuliza muuzaji, kaka, kati ya vifaa hivi sabini unavyoniuzia vingapi vina DTM ya hiyo FDT 3 leo hii, akasema atanirudia. Mpaka leo.

Badala ya kubishana kwa karatasi nikawaambia wote watatu njooni Kigoma mnionyeshe. Mmoja akasema atafanya kwa video. Nikamwambia mzee huyo mtoe, maana kama leo anataka hela yetu na hawezi kupanda ndege, siku akishazipata itakuwaje? Mzee akacheka akamtoa.

Wawili wakaja. Niliwawekea mtihani mdogo wa kijinga. Rada ileile ya tangi namba tatu, laptopu yetu wenyewe, intaneti nimezima, fungua mchoro wa mwangwi. Halafu nikabadilisha kifaa kwa kingine cha rivisheni tofauti bila kuwaambia nikasema fungua tena. Wa FDT alifungua mara ya kwanza vizuri mno, mchoro wake nakiri ulikuwa mzuri kuliko wote, mara ya pili DTM ikakataa rivisheni mpya na kutafuta nyingine bila intaneti haikuwezekana, akatumia saa nzima na jasho linamtoka, na hali ya hewa siku hiyo ilikuwa ya ubaridi. Wa FDI mara ya kwanza alichelewa mpaka nikaanza kumhurumia, kupakia kifurushi kulichukua muda, mara ya pili programu ikasema kifurushi kamili hakipo lakini ikafungua kwa kile cha rivisheni ya nyuma, vipimo na menyu zikaja, mchoro ukaja na onyo. Kwangu hiyo ilitosha. Najua mtihani wa rada moja siyo utafiti, na siku nyingine matokeo yangeweza kugeuka.

Tulichoandika kwenye mkataba mwishowe ni mchanganyiko na wasomi wataniona mshamba. Kila kifaa kipya kije na kifurushi cha FDI kilichosajiliwa, na EDD ambayo komunikeita yetu ya mkononi inaisoma, majaribio yafanyike kwa komunikeita hiyohiyo kabla hatujasaini kupokea. DTM tunaipokea kama nyongeza kwa rada na kwa valvu tu. Mafaili yote yaletwe kwenye flashi mbili, moja inakaa kwa mzee nyumbani. Na karatasi ya ukurasa mmoja yenye rivisheni ya kila kifaa, iliyobandikwa ndani ya mlango wa paneli, siyo kwenye kompyuta, kwenye mlango. Neno la siri la msimamizi wa laptopu likaandikwa likafungwa kwenye bahasha kabatini kwa mlinzi, kijana wa kompyuta alipiga kelele sana kuhusu usalama na ana hoja, lakini yeye saa tisa usiku hapokei simu.

Mtambo ulifungwa. Vifaa vingi vilikuja kama tulivyokubaliana, isipokuwa pozishona nne za valvu za mvuke, yaani vifaa vinavyoiamuru valvu ifunguke kiasi gani, zimekuja na DTM peke yake, kifurushi cha FDI "kinaandaliwa". Tulizuia sehemu ya malipo, wakaleta barua, tukajibu barua, na mvuke hausubiri barua, tukazifunga. Kwa hiyo nilivyoringa kote kule na hoja yangu ya karatasi, leo valvu zangu nne muhimu kuliko zote zinafunguliwa na mpishi wa kukodi.

Juzi mzee alipita karakana na fimbo yake. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anaangalia ile laptopu ya Windows 7, imekaa kwenye kabati la kioo, nimeifunga kwenye yupiesi ndogo, pembeni kuna resista tatu za omu 250 kwenye kikopo cha filamu kilichoandikwa USIGUSE. Akaniuliza hii nayo bado ipo? Nikamweleza habari ya zile valvu nne.

Akaigonga kioo na fimbo taratibu. "Kwa hiyo Kidatu yetu ni hii hapa."

Nikamwambia ndiyo mzee.

"Mnunulie betri," akasema, akaondoka zake.

Betri ya modeli ile nimeitafuta Kariakoo kwa simu wiki ya pili sasa, dogo anasema kuna jamaa Bujumbura anayo moja, ila anataka tuitume hela kwanza.